Somo la Robo Hii: Mnada wa Vitu Vilivyotumika kwa Ajili ya Makumbusho



Kiingilio cha wageni mara nyingi hakitoshi kukarabati paa la makumbusho. Njia moja ambayo parokia inaweza kusaidia ni kukusanya vyombo, nguo, vitabu na samani vilivyotumika, kisha kuviuza kwa mnada. Njia hii ni nzuri, kwani hata asiye na fedha hupata cha kutoa. Lakini ina hatari yake: kitu kilicholetwa kuuzwa kinaweza kuwa ndicho kinachopaswa kuhifadhiwa.

Mfano wa Bujora

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Mwanzilishi wake ni Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, viti vya enzi na zana za wahunzi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Tangu hapo ngoma ya mtemi haikuwa tena na kazi ya utawala. Kwa mtu mwenye haraka ilikuwa gogo lenye ngozi kuukuu. Zilizotunzwa zinawafundisha vijana hadi leo. Kama zingeuzwa, fedha yake ingekuwa imekwisha zamani.

Hatua tatu za kufuata

1. Kupokea. Kila jumuiya ndogo ndogo iwe na daftari lenye jina la mtoaji, kitu alichotoa, hali yake na tarehe. Mtoaji aulizwe: Kilikuwa cha nani? Kilitumika kwa kazi gani? Je, ndugu wa ukoo wamekubali kitolewe?

2. Kutenganisha. Yawepo mafungu matatu. La kwanza ni la kuuza. La pili lionwe kwanza na mtunza makumbusho: vigoda, vibuyu, shanga, ngoma, picha na barua za zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na pia milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Mkiwa na shaka msiuze. Ulizeni Idara ya Mambo ya Kale. La tatu ni la kukataa kwa upole, kama vyombo vya umeme vilivyoharibika na nguo za ndani za mitumba, ambazo Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku. Kitu cha fungu la pili kikibaki makumbusho, mtoaji aarifiwe, kwa maana alikitoa kiuzwe.

3. Kuuza na kutoa hesabu. Fedha ihesabiwe siku ile ile na watu wasiopungua wawili, stakabadhi zitunzwe, na hesabu isomwe kanisani na kupelekwa kwa wafadhili. Katika 2 Wakorintho 8:16-21, Mtume Paulo hakuacha mchango mikononi mwa mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine ili lawama isiwepo.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Nani katika parokia yetu anaweza kutambua vitu vya kale? Je, wazee wamealikwa siku ya kutenganisha?
- Tukipata mnunuzi mwenye fedha nyingi kwa kitu cha fungu la pili, nani ana mamlaka ya kukataa?
- Mfadhili akiuliza kitu chake kilikwenda wapi, daftari letu litamjibu?