SOMO: LUGHA ILIYOTUNGWA NA MTU

Kusoma kwanza: Mwanzo 11:1-9, Matendo 2:1-11, 1 Wakorintho 14:6-11



Kijana mmoja wa kwaya yetu alirudi toka safari na karatasi yenye maneno ambayo hakuna aliyeyatambua. Wengine walisema ni lugha ya rohoni, wengine wakasema ni uchawi, na mzee mmoja akataka ichomwe. Niliomba niisome kwanza. Ni Kiesperanto, lugha iliyotungwa na mtu. Basi tujifunze, maana si vema kuhukumu kitu tusichokijua.

Mtungaji ni Ludwik Zamenhof, Myahudi, mganga wa macho, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland. Mjini mle Warusi, Wapoland, Wajerumani na Wayahudi walikaa pamoja, kila watu na lugha yao, na chuki ilikuwa nyingi. Sisi tunaokaa Wamaza, kati ya Wabangubangu, Wazimba na Wakusu, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Mwaka 1887 alitoa kitabu kidogo kwa jina la Doktoro Esperanto, maana yake Daktari Anayetumaini.

Tuanze na sauti. Herufi ni 28, na kila herufi ina sauti moja tu. Siyo kama Kifaransa, ambako nusu ya neno inaandikwa bila kusomwa, nasi shuleni tulichapwa fimbo juu ya ile nusu. Vokali ni zetu zile zile: a, e, i, o, u. Mkazo unaanguka kwenye silabi ya pili toka mwisho, sawa na kwetu: sisi tunasema ki-TA-bu, wao fra-TI-no, yaani dada. Lakini angalieni: j yao inasomwa kama y yetu, c inasomwa ts, na j yetu ya «jembe» wanaiandika ĝ, yenye kofia.

Sasa kanuni. Jina linaishia na -o, sifa na -a, na wingi unaongezwa -j. Bona frato ni ndugu mwema. Bonaj fratoj ni wandugu wema. Mmesikia? Sifa inalifuata jina katika wingi, kama vile sisi tunavyosema mtu mwema, watu wema. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mbele ya neno, wao nyuma. Kitendo nacho: mi preĝas, ninaomba, mi preĝis, niliomba, mi preĝos, nitaomba. Ile -na-, -li-, -ta- yetu inakaa katikati, yao inakaa mwisho.

Kilichonishangaza ni namna wanavyojenga maneno. Sana kwao ni mzima wa mwili. Weka mal- mbele, ambayo inageuza maana: malsana, mgonjwa. Ongeza -ul-, alama ya mtu: malsanulo, mtu aliye mgonjwa. Ongeza -ej-, alama ya mahali: malsanulejo, hospitali. Na preĝejo ni nyumba ya sala. Ni akili ile ile ya Kiswahili, kinachotoa somo, msomi na kusomesha katika shina moja la soma. Lakini mashina yao karibu yote yametoka Ulaya, na hapo mtoto wa Ulaya anaanza safari mbele yetu. Kwa hiyo Mghana Kumi Attobrah alitunga Afrihili mwaka 1970, akichota katika lugha za Afrika. Mwisho wa jina hilo ni Kiswahili chetu. Tusiichanganye na Mandombe ya Wabeladio Payi, iliyoanza mwaka 1978 huko Bas-Congo: ile ni maandishi, siyo lugha.

Je, hii ni Babeli? Wale wa mnara walitaka kujifanyia jina. Zamenhof aliandika katika kitabu kile cha kwanza kwamba lugha ni mali ya wote, naye hadai haki juu yake. Wala siyo Pentekoste: siku ile watu walisikia bila kufundishwa, lakini hii inafundishwa kwa kanuni, jioni kwa jioni. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: karatasi haitachomwa, lakini usisimame nayo mbele ya ibada ukasema ni ujumbe wa Roho. Mtume Paulo ameeleza namna gani sauti isiyoeleweka inavyowafanya wandugu kuwa wageni wao kwa wao.

Zamenhof alifasiri Agano la Kale toka Kiebrania, na Biblia nzima ya Kiesperanto ilitoka London mwaka 1926. Mwenyewe alikufa mwaka 1917. Watoto wake watatu waliuawa na utawala wa Hitler: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, Zofia na Lidia waliuawa Treblinka mwaka 1942. Lugha ya amani haikuwaokoa. Na Kingwana chetu? Kilifika Kasongo na misafara ya Tippu Tip, ya pembe za ndovu na watumwa. Hakuna aliyekileta kwa ajili ya amani, lakini leo Mbangubangu na Mkusu wanaitikia sala moja ndani yake.

Mwaka 2024 wasemaji wa Kiesperanto walifanya mkutano wao wa dunia Arusha, Tanzania, mara ya kwanza katika Afrika.

Kazi ya juma hili: kuimba ni kanti. Andikeni «niliimba», «nitaimba», na «mahali pa kuimbia». Leteni majibu Jumapili, kabla ya kwaya kuingia.