SOMO LA HISTORIA: JELA ISIYOPATA MFUNGWA

Sisi watu wa Ilongero bahari tunaisikia tu. Maji mengi tunayoyajua ni ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Basi leo twende Unguja kwa kusoma.

Karibu na Mji Mkongwe, kiasi cha kilomita 5 baharini, kipo kisiwa kidogo. Kinaitwa Changuu, jina la samaki. Wageni hukiita Kisiwa cha Jela.

Miaka ya 1860 Waarabu waliopewa kisiwa hicho na Sultani waliwafungia humo watumwa waliowaita wakaidi. Ukaidi wenyewe ulikuwa nini? Kukataa kuwa mali ya mtu! Mwaka 1893 Mwingereza Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, alikinunua ili kijengwe jela. Jela ikajengwa kweli, lakini hakuna mfungwa aliyefungwa humo. Ikageuzwa karantini.

Karantini ni mahali pa kuwatenga watu wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Abiria wa meli walishushwa hapo wakae kwanza, hasa kwa hofu ya homa ya manjano. Kwa nini wasubiri na hali wanaonekana wazima? Kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa mwilini siku kadhaa bila kuonyesha dalili. Mfugaji anajua jambo hili. Ukinunua ng'ombe mnadani, humwingizi zizini siku hiyo hiyo. Unamtenga kwanza, unamwangalia.

Lakini karantini haikuwa na watu mwaka mzima. Miezi mingine Wazungu wa mjini walikwenda huko kupumzika na kuogelea. Majengo ni yale yale: huyu kazuiliwa asitoke, yule kaja kwa hiari yake kustarehe. Mambo ya ukoloni hayo!

Mwaka 1919 waliletwa kobe wakubwa 4, zawadi kutoka Shelisheli. Wakazaana sana. Baadaye wezi wakawaiba na kuwauza, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Ikabidi waletwe wengine na kujengewa ua. Siku hizi watalii huenda kuwaona.

MASWALI
1. Karantini ni nini?
2. Mnyama mgeni akiletwa kijijini kwenu, mnamtenga siku ngapi? Nani anamwangalia?
3. Liko jengo la zamani kwenu lililobadilishwa kazi? Waulizeni wazee, mwandike mistari mitano.