Bastola kiunoni, moyo unadunda: Mazoezi ndiyo dawa ya hofu

WATU wengi hudhani kwamba anayepewa leseni ya bastola hupewa na ujasiri pia. Sivyo. Leseni hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Ujasiri hautolewi na ofisi yoyote.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayeishi Kaloleni, karibu na Barabara ya Jogoo, jijini Nairobi. Hufunga duka usiku akiwa na mauzo ya siku nzima. Leseni anayo, lakini kila akiigusa silaha yake viganja hulowa jasho. Mtu huyu si mwoga, ila ni hatari kwake mwenyewe na kwa jamaa yake. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zina vyumba vidogo, na majirani wako karibu. Risasi ikipotea haikosi mtu wa kumpata.

Msomaji, ikiwa nawe ni miongoni mwa wenye hofu hiyo, somo la leo ni lako.

Kwa nini mkono hutetemeka

Unaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini ndani ya damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, na damu hukimbilia misuli mikubwa ili upigane au utoroke. Vidole hupoteza wepesi wake. Macho huona kilicho mbele tu, na masikio huenda yasisikie sauti ya mtu unayemjua. Ndipo mzazi anapoweza kumpiga mwanawe aliyeamka usiku, akidhani ni mwizi.

Adrenalini huwezi kuizuia, lakini mwili waweza kuufundisha. Dereva mgeni hubana usukani hadi mabega yakauma. Baada ya miezi kadhaa hubadili gia bila kufikiri. Mkono wa mwenye bastola hujifunza vivyo hivyo, kwa kurudia.

Hatua kwa hatua

Usijaribu mazoezi nyumbani wala uani. Nenda uwanja unaokubaliwa wa kulenga shabaha, kama ule wa Kirigiti, Kiambu, uwe na mkufunzi.

1. Siku ya kwanza tazama tu. Ziba masikio, simama nyuma, uzoee mlio.

2. Shika bastola tupu baada ya mkufunzi kuikagua. Jifunze kuijaza, kuitoa risasi na kuichunguza. Mdomo wake uelekee kwenye shabaha, kidole kiwe mbali na kifyatulio.

3. Tuliza pumzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano.

4. Anza na risasi tano au kumi, shabaha ikiwa karibu. Wengi hukosa kwa sababu mkono hushtuka kabla ya mlio kwa kuuogopa. Mtetemeko ukizidi, acha, upumzike.

5. Rudi tena. Nusu saa mara mbili kwa mwezi hufaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka. Andika kwenye daftari ulivyojisikia, uone hofu inavyopungua.

Linda masikio na damu

Mlio wa bastola hupita desibeli 140. Hata mlio mmoja bila kinga waweza kudhuru masikio, na usikivu ukipotea kwa njia hiyo haurudi.

Kiswahili huita madini na kitu kinachofyatuliwa kwa jina moja, risasi, na si bure. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini hayo, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara yake kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kwa hiyo usile wala kuvuta sigara uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni, na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mama mjamzito amwone daktari kwanza.

Ukifika nyumbani

Usiifiche bastola chini ya mto wala juu ya kabati. Watoto hupajua mahali pote pa siri. Itoe risasi, uifungie ndani ya sefu ya chuma, na ufunguo uwe nawe. Risasi zifungiwe mahali pengine.

Wakati wa kuirudisha

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kumpa leseni mlevi au mtu asiye na akili timamu. Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wakaguliwe upya katika siku 90. Lakini usingoje kukaguliwa na serikali. Jikague mwenyewe.

Je, unakunywa pombe kila siku? Hupati usingizi? Umewahi kuwaza kujidhuru, au hasira hukupanda upesi? Umefanya mazoezi kwa miezi na mkono bado unatetemeka? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, ikabidhi silaha kituo cha polisi, kisha umwone daktari. Hakuna aibu. Bastola yaweza kurudishwa, lakini uhai ukishatoka haurudi.

Na ukiona sasa unaifunga sefuni kwa utulivu, wala huhisi haja ya kumwonyesha mtu kwamba unayo, jua mazoezi yamekufaa.