Nani Amegeuza Kiti? Namna ya Kumwelezea Asiyeona Vipindi vya Mashindano

Katika The Voice Afrique Francophone, shindano la kuimba lililoanza mwaka 2016, majaji wanne humpa mwimbaji mgongo. Jaji akipendezwa na sauti hubonyeza kitufe, kiti kikageuka, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Mtu asiyeona aliyeketi sebuleni Mugunga, mtaa wa Goma, anazisikia shangwe hizo, lakini hajui aliyegeuka ni nani. Katika msimu wa kwanza angejiuliza: ni Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu? Ni Charlotte Dipanda? Au Asalfo na Singuila wamegeuka pamoja? Asipoambiwa palepale, uhondo wote wa mchezo umempita.

Kazi ya kuziba pengo hilo huitwa maelezo ya sauti: mtu anataja kwa ufupi yale yanayoonekana, katika nafasi ambazo wahusika wamenyamaza. Ufaransa iliyapokea katika filamu mwaka 1989. Mwaka 1990 kituo cha WGBH cha Boston kilianzisha huduma ya kudumu kwa ajili ya televisheni, na nchini Uingereza sheria hudai sehemu ya matangazo iwe na maelezo hayo. Kwa Kiswahili, vipindi vya namna hii vyenye maelezo ni adimu mno. Ukiwa na Netflix, fungua orodha ya lugha za sauti wakati kipindi kinacheza. Kazi zake nyingi zina chaguo la maelezo kwa Kiingereza. Ila malipo ya kadi ni mlima kwa mkaazi wa Goma, hasa tangu benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025. Kwa familia nyingi za Mugunga, basi, mtoa maelezo ni ndugu aliyeketi pembeni. Mwongozo huu ni wake.

Kwanza ajue kwamba amepewa kazi ngumu. Filamu huwa na kimya kirefu: mtu anatembea, gari linapita, muziki unapiga. Katika vipindi vya maisha halisi watu wanaongea mfululizo, wanakatana maneno, wanacheka wote kwa pamoja. Aliyefuatilia Big Brother Africa mwaka 2003 anakumbuka nyumba iliyojaa sauti za watu kutoka nchi kumi na mbili. Nafasi ya kusema neno lako ni sekunde mbili, pengine moja. Kwa hiyo ubora wa maelezo ya vipindi hivi hupimwa zaidi kwa uchaguzi: umetaja nini, umeacha nini.

Kinachotangulia vyote ni jina. Sauti ngeni kumi ndani ya chumba kimoja humchanganya hata anayeona. Mtu akianza kuongea, taja jina lake tu, ukae kimya. Fanya hivyo kila mara katika sehemu za kwanza za msimu. Msikilizaji akishazizoea sauti, punguza. Mshiriki akiwa peke yake mbele ya kamera akitoa siri zake, sema "yuko peke yake", maana bila hivyo msikilizaji atadhani wenzake wanamsikia, na hadithi yote itapinda.

Kisha maandishi. Vipindi hivi hupenda kuandika kwenye kioo: majina, kura, dakika zilizobaki, tafsiri ya anayesema lugha nyingine. Watoa maelezo wasio makini huyaruka, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mara nyingi matokeo yenyewe huwa yameandikwa hapo. Soma namba jinsi ilivyo.

Sema unachokiona, hukumu muachie msikilizaji. Ukisema "amekasirika", umeshamwamulia. Ukisema "ameweka kikombe kwa kishindo, ametoka bila kumtazama mwenzake", atajua mwenyewe. Hapa ndipo mtoa maelezo anapotofautiana na wale mafundi wa kusimulia filamu tunaowapenda, Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Wao hutafsiri, hutania, huongeza chumvi, na ndiyo sanaa yao. Mtoa maelezo yuko karibu zaidi na mtangazaji wa mpira redioni: nani ana mpira, yuko wapi, anampa nani.

Wakati nao una uzito wake. Usitangaze mshindi kabla mtangazaji hajamtaja, hata kama umeona karatasi mkononi mwake. Mwimbaji akiwa katikati ya wimbo, usimfunike kwa hadithi ndefu. Jina moja la jaji aliyegeuka latosha, mengine yasubiri makofi.

Kama mnatazama kwenye simu, mna faida ambayo wataalamu wa studio hawana: mnaweza kusimamisha. Eleza chumba, mavazi, sura za watu, kisha endeleeni. Kabla ya kuanza muulize msikilizaji anataka nini. Aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani huenda akataka rangi za nguo. Aliyezaliwa haoni huenda akajali zaidi nani amekaa karibu na nani. Asikilizwe pia anaposema, "Yaya, umezidisha maneno."

Haya si hisani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 30 kinataja wazi vipindi vya televisheni. Sheria ya Mei 3, 2022 ikaja kulinda haki za watu wenye ulemavu nchini.

Wala hatuhitaji kusubiri mitambo ya gharama. Huko Washington, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na uoni hafifu, aliendesha na mumewe Cody redio ya kuwasomea wasioona. Mwaka 1982, tamthilia ilipokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni, maelezo ya tamthilia hiyo yalirushwa redioni kwa wakati uleule. Goma ina redio nyingi, na ina watangazaji wanaoweza kukuonyesha goli kwa mdomo tu. Wakuu wa redio hizo, chagueni fainali moja ya shindano linalopendwa, mwekeni mtangazaji mmoja mbele ya televisheni na kipaza sauti, na muwaalike wasikilizaji wasioona wa Mugunga wawaambie alipofaulu na alipokosea.