Msomaji wa Fantasia Kandoni mwa Ziwa: Simbi Nyaima, Nagona na Suala la Kusadiki

Utangulizi

Wapenzi wa fasihi ya kifantasia wanapokutana, swali la kwanza baada ya salamu huwa ni lile lile: unasoma nini siku hizi? Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kisumu au Maseno akiulizwa hivyo, yamkini atamtaja J. K. Rowling, ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu Harry Potter kilitoka mwaka 1997, au Tolkien, au Tomi Adeyemi na riwaya yake ya mwaka 2018, Children of Blood and Bone. Akiombwa ataje fantasia ya Kiswahili, aghalabu husita. Kisha hutaja Kusadikika, tena kwa sauti ya mtu anayekumbuka mtihani.

Makala hii inashikilia kuwa kusita huko hakutokani na uhaba wa vitabu. Vitabu vipo. Kunatokana, kwanza, na jinsi vilivyogawanywa darasani: masimulizi ya Simbi Nyaima huwekwa katika fasihi simulizi chini ya visasili na visakale, Nagona huitwa riwaya ya kifalsafa au ya kimajaribio, hadithi za Grace Ogot huachiwa wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza. Msomaji aliyezipitia zote tatu hakuwahi kuambiwa kwamba zinaweza kukaa katika rafu moja. Pili, na hili ndilo zito zaidi, uhakiki wetu hujadili fantasia kama mbinu ya mwandishi, na kusahau kwamba jambo halina ajabu wala uhalisia mpaka pawepo mtu wa kulisadiki au kulikataa. Nadharia ya upokezi, tangu Hans Robert Jauss alipoizindua mwaka 1967, imesisitiza upeo wa matarajio ya msomaji. Upeo wa msomaji wa pwani ya Ziwa Viktoria ukoje?

Kusitasita na kusadiki

Kando ya Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, na heroe huonekana hapo. Masimulizi ya Waluo yanasema kwamba palikuwa na kijiji mahali hapo. Usiku mmoja wa pombe na ngoma, bibi kizee alifika akitetemeka kwa baridi, akaomba hifadhi. Wanakijiji wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, naye akaonywa aondoke upesi. Mvua ikashuka, na kijiji kizima kikazama pamoja na ngoma zake. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni Simbi iliyozama.

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 ambacho wahakiki wa Kiswahili hukirejelea sana, alisema kuwa fantasia huishi katika muda wa kusitasita. Msomaji hukutana na tukio lisilo la kawaida, asijue kama alieleze kwa sheria za maumbile anazozifahamu au akubali kuwapo kwa sheria nyingine. Akishaamua, fantasia imekwisha. Ni nadharia safi, na inafaa sana kwa msomaji aliyelelewa akiamini kwamba maelezo mawili hayawezi kuishi chini ya paa moja. Kwa Simbi Nyaima haifai vizuri. Wanajiolojia wanaeleza kuwa ziwa hilo ni kasoko iliyotokana na mlipuko wa volkano. Mtoto wa Karachuonyo huweza kujibu hivyo katika mtihani wa Jiografia asubuhi, na jioni asithubutu kumfukuza kikongwe mlangoni. Hasitisiti. Amebeba maelezo yote mawili, kila moja kwa kazi yake.

Tolkien alikaribia zaidi ukweli huu katika mhadhara wake wa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Alikataa rai kwamba msomaji wa hadithi za ajabu huweka kando kutoamini kwake kwa muda. Alisema msomaji huingia katika ulimwengu wa pili na kuamini kikamilifu yaliyo kweli humo, maadamu mwandishi hajaharibu kazi yake. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda hadi Uskoti kulitafuta wazo hili. Shaaban Robert aliiita nchi yake iliyo angani Kusadikika mwaka 1951, na nyingine akaiita Kufikirika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967. Majina yote mawili yamejengwa kwa kauli ya kutendeka. Hakuiita nchi hiyo Kusadiki, kwani hilo lingekuwa tendo la mtu. Wala Kusadikisha, kwani hiyo ingekuwa kazi ya mwandishi anayeshurutisha. Kiambishi -ik- kinaacha mlango wazi: jambo hili lina uwezo wa kusadikiwa, na atakayelisadiki ni juu yake. Mofolojia ya Kiswahili ilikuwa imeshaieleza fantasia kabla ya wananadharia kuanza kugombana.

Tahadhari inahitajika hapa. Kusema kwamba Waluo wanaamini jambo fulani, kana kwamba wote ni kichwa kimoja, ni uvivu wa kiuhakiki. Mfano mzuri ni Omieri, chatu wa Nyakach. Omieri aliyejulikana awali alikufa mwaka 1987 baada ya kuungua moto. Mwaka 2003 chatu mwingine alipoonekana Wasare, wapo waliompokea kama Omieri aliyerudi na mvua na mavuno. Wapo waliopinga kwa misingi ya dini yao. Na wapo walioona nyoka tu. Ni mahali pamoja, mnyama mmoja, na wasomaji wa aina tatu. Mhakiki anayetaka kuelewa mapokezi ya fantasia angeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye faharasa ya istilahi.

Nyamgondho akabiliana na Adili

Tukizisoma ngano hizi pamoja na maandishi, mabishano huanza kuzaa matunda. Chukua Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi. Mtego wake ulimnasa bibi kizee mwenye jicho moja. Akamchukua, akamwoa, na ng'ombe wakajaa bomani. Utajiri ukamlevya, na usiku mmoja wa ulevi wa pombe akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotolewa. Bibi akaondoka kuelekea ziwani. Ng'ombe, mbuzi na kuku wakamfuata mpaka majini. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake akitazama, hadi akageuka mti.

Weka kando yake Adili na Nduguze (1952). Humo nako ukosefu wa shukrani unaadhibiwa kwa mageuzi ya umbo: ndugu wawili wanakuwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Wapo wasomaji wanaoiona hadithi hii kuwa fantasia kamili ya Kiswahili, kwa kuwa ina majini, miji iliyogeuka mawe na safari za ajabu. Wengine wanasema ni kitabu cha maadili kilichovaa joho la Alfu Lela Ulela. Mabishano hayo hayana mwisho, na pengine hayana faida kubwa. Tofauti yenye maana iko kwingine. Katika dunia ya Adili, ajabu ina serikali: yupo mfalme wa kusikiliza shauri, yupo mfalme wa majini wa kupokea ombi, na adhabu inaweza kuondolewa. Gwassi hakuna mahakama ya rufani. Kuna maji tu. Msomaji aliyelelewa na Nyamgondho akifika mwisho wa Adili na Nduguze huhisi kwamba wale ndugu wameponea chupuchupu. Aliyelelewa na Adili akimsikiliza Nyamgondho huona hadithi imekatizwa.

Luanda Magere ni sura nyingine ya jambo hilo. Shujaa wa Kano ambaye mkuki haukuupenya mwili wake aliuawa kwa kuchomwa kivulini, baada ya mkewe kutoka kwa Wanandi kuigundua siri hiyo. Akageuka jiwe, na jiwe linaonyeshwa hadi leo. Okoiti Omtatah aliitungia tamthilia mwaka 1991. Gor wa Kanyamwa, mganga aliyesifika kwa kujigeuza maumbo, naye hakuhitaji mwandishi: klabu ya soka ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, imelifanya jina lake liimbwe viwanjani hata na watu ambao hawajapata kusimuliwa habari zake. Si wahusika wengi wa fantasia duniani waliofikia hadhi hiyo.

Anwani ya ajabu

Simbi iko Kendu Bay, mti wa Nyamgondho uko Gwassi, jiwe la Magere liko Kano. Ajabu ya pwani hii ina anwani. Jambo hili linasaidia kueleza maoni yanayotofautiana sana kuhusu riwaya mpya ya Kiswahili.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hulalamikiwa kuliko zote. Lawama ya kawaida ni kwamba zina falsafa nyingi na hadithi kidogo. Makala hii haikubaliani na lawama hiyo. Msomaji anayefuata mamia ya kurasa za nasaba za wafalme wa Tolkien hawezi kusema kwamba ugumu unamshinda. Kinachomsumbua ni kwamba Kezilahabi ameifuta anwani. Mji umebomoka, hauna jina. Msafiri anatafuta asichoweza kukionyesha kwa kidole. Inashangaza kidogo, kwa sababu Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, katika kisiwa cha ziwa hili hili, na kisiwa hicho hicho kilimtoa Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ilitaja kila mtego, kila chungu na kila desturi ya Wakerewe kwa jina. Mwenye kutetea Nagona husema kwamba mwandishi alichukua ngano, akaondoa kiunzi cha mahali na wakati, akaacha ajabu peke yake ielee. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini basi mwalimu aiseme mapema, ili msomaji asimalize kitabu akitafuta ziwa lisilokuwamo.

Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila hupokelewa kwa urahisi zaidi, maana anwani yake ni dunia nzima iliyofanywa kijiji. Tatizo lake ni jingine. Kila ajabu humo hufasirika papo hapo kuwa siasa ya utandawazi, na msomaji husoma huku ameshika ufunguo mkononi. Kwa mwalimu ni rahisi. Kwa mpenzi wa fantasia ni hasara, kwa kuwa muujiza ukishatafsiriwa haukai usiku kucha na mtu. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ingeweza kuangukia shimo hilo hilo, kwani jina lake tu ni fumbo lililofumbuliwa, ila safari ya Dzombo aliyehukumiwa kifo kisha akarushwa angani ina mvuto wake, na kicheko chake ni cha kweli.

Riwaya inayoelekea kumgusa zaidi msomaji wa Ziwani ni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Mzuka wa babu unamrudia mjukuu wake, K, kigogo aliyejinufaisha kwa jasho la wengine, na kumwonyesha alichokataa kukiona. Mhakiki wa vyuoni huuliza mzuka huu unaashiria nini. Msomaji anayejua habari za jachien, roho ya marehemu inayorudi kuwasumbua walio hai, huuliza swali tofauti kabisa: Babu anadai nini? Kwani mzuka haurudi bure. Swali hili linatoka nje ya nadharia, lakini linaifungua riwaya, kwa sababu linamfanya K kuwa mdaiwa wa ukoo kabla ya kuwa ishara ya tabaka.

Mvua ya Oganda

Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyeipeleka ajabu ya ziwa mbali zaidi katika maandishi. Miaha (1983), aliyoiandika kwa Kidholuo na ambayo Okoth Okombo aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, inahusu zama ambapo jembe lililima lenyewe, mpaka bibi arusi Nyawir alipoamua kulima kwa mikono yake, na binadamu wakatwishwa kazi. Asenath Bole Odaga naye alianzisha mjini Kisumu duka la vitabu na shirika la uchapishaji mwaka 1982. Duka aliliita Thu Tinda, yaani tamko ambalo msimulizi wa Kiluo hufungia sigana yake.

Lakini kwa mjadala wa kusadiki, hadithi fupi ya Ogot, "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder (1968), haina mfano. Ukame umeshika nchi. Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, anatolewa kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Mpenzi wake Osinda anamnyakua ufukoni na kumfunika kwa majani, ili mababu wasimwone. Kafara haikukamilika. Na mvua inanyesha.

Kwa nini inanyesha? Msomaji mmoja atasema mababu walidanganyika. Mwingine, kwamba kukubali kwa Labong'o kumtoa mwanawe kulitosha. Wa tatu, kwamba ulikuwa msimu wa mvua na dubwana halikuwapo tangu mwanzo. Ogot hatoi jibu. Hapa kusitasita kwa Todorov kunapata makao, tena katika maji ya Nyanza, na darasa la fasihi ya Kiswahili lingepata mengi kama hadithi hii ingesomwa kwa tafsiri sambamba na Babu Alipofufuka kwa muda wa wiki mbili.

Zoezi lenyewe liwe jepesi. Kabla ya istilahi yoyote kuandikwa ubaoni, kila msomaji aandike namba ya ukurasa ambapo aliacha kusadiki, kama aliacha, na sentensi moja ya sababu. Kisha karatasi zilinganishwe: waliolelewa Kendu Bay, waliolelewa Mombasa, waliolelewa Nairobi.