Kuvunjika Moyo kwa Mgonjwa Anayesafishwa Damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Hesabu hiyo haijumuishi safari, kungoja zamu, wala uchovu unaomlaza baada ya kutolewa sindano. Fundi, mwalimu au mama lishe hulazimika kuyapanga upya maisha yake yote.

Mwaka 1972, Reichsman na Levy wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 25 kwa miaka 4. Kipindi cha kwanza walikiita fungate: sumu zimepungua mwilini, kichefuchefu kimetulia, matumaini yamerudi. Kisha mgonjwa hutambua kwamba mashine haiponyi, naye huvunjika moyo. Hatimaye huja mazoea ya muda mrefu, ingawa furaha na huzuni huendelea kupokezana. Si wote wapitao njia hiyo kwa mpangilio huo.

Kipindi cha pili ndicho kinachofasiriwa vibaya zaidi. Mgonjwa akikosa zamu, au akija na maji mengi mwilini, huitwa mkaidi. Ndugu waliochangishana fedha humwona hana shukrani. Huenda ni ukaidi kweli, lakini huenda pia ni kukosa nauli, au ni sonona. Hilo halijulikani asipoulizwa. Hata kiu yake ina sababu: kumwamuru mtu asinywe maji huku chakula chake kimejaa chumvi ni kumtesa bure.

Sonona kwa wagonjwa hawa hujificha. Uchovu, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya kula huletwa pia na ugonjwa wa figo wenyewe, na upungufu wa damu huongeza uchovu huo. Kwa hiyo, pamoja na vipimo, mhudumu asikilize yale yasiyoelezwa na figo: kutofurahia tena mambo aliyoyapenda, kujiona mzigo, kujilaumu, kutamani kufa. Swali kuhusu kifo liulizwe waziwazi na kwa upole. Halimpandikizii mgonjwa wazo hilo. Akikiri kuwa nalo, asiachwe peke yake, na mtaalamu wa afya ya akili aitwe siku hiyohiyo.

Tiba ya mazungumzo inaweza kufanyika mgonjwa akiwa kwenye mashine, mradi faragha ilindwe. Dawa za sonona zichaguliwe na daktari anayejua hali ya figo, kwa kuwa baadhi hurundikana mwilini.

Kitengo nacho kinaweza kumrudishia mgonjwa sehemu ya mamlaka yake: ajipime uzito na kuuandika mwenyewe, ashauriwe kuhusu saa ya zamu, aelezwe maana ya majibu ya vipimo vyake. Nyumbani, baba aliyezoea kuamua mambo aendelee kuulizwa kuhusu ada ya shule na posa ya binti yake, hata siku ya mashine anapokuwa amejilaza.