Bunduki Ifaayo kwa Nguruwe Mwitu



Chama kinachokusudia kununua bunduki ya kulinda mahindi na mihogo kisitazame bei peke yake. Nguruwe mwitu dume aweza kuzidi kilo 80, na ngozi ya mabega yake ni nene. Marisawa ya kuulia ndege humjeruhi tu. Naye akijeruhiwa hukimbilia kichakani, na amfuataye humo hujiponza. Raifali ya .308, yenye risasi ya gramu 11 hivi, ya ncha laini inayotanuka mwilini, yatosha kabisa. Lakini risasi hiyo ikikosa huweza kwenda zaidi ya kilomita 3! Penye nyumba karibu, heri bunduki ya marisawa ya geji 12, itiwe risasi moja nzito, na mlengaji asizidi mita 50. Vibali vya silaha na vya kuwinda vitangulie malipo.